Seli shina zinalishwa nini? Namna labo zinavyoacha damu ya ndama na seli za panya



Neno “cellules souches” limefika mpaka katika vikundi vya WhatsApp vya familia na vya kanisa. Mzazi mwenye mtoto wa SS anatumiwa video inayoahidi uponyaji. Mzee mwenye kisukari anaambiwa anunue vifuko vya unga. Kisha watu wanamwendea mchungaji na maswali: Je, ni kweli? Je, ni dawa iliyotengenezwa kwa damu ya wanyama? Je, inatoka katika mimba zilizoharibiwa?

Makala hii inaeleza jambo moja linalosaidia kujibu maswali hayo yote, nalo ni chakula ambacho seli hizi zinalishwa zikiwa labo. Seli inapoingia katika mwili wa mgonjwa, inaingia pamoja na alama za chakula chake. Anayeelewa hilo ataweza kupambanua matibabu ya kweli na biashara ya maneno.

Seli shina ni nini?

Mwili wa mtu umejengwa kwa seli, chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Seli nyingi zina kazi moja tu. Seli ya ngozi hufunika, seli nyekundu ya damu hubeba hewa, seli ya neva hupeleka habari. Seli shina ni tofauti kidogo. Inaweza kujigawa na kutoa seli shina nyingine kama yenyewe, na inaweza pia kutoa seli zenye kazi maalumu. Ni kama shina la mgomba: linazaa machipukizi, na hata likikatwa, shamba linaendelea.

Seli shina za damu zinakaa ndani ya uboho, ule uteute ulio katikati ya mifupa. Watafiti wawili wa Toronto, Kanada, James Till na Ernest McCulloch, walionyesha kuwapo kwake katika panya mnamo mwaka wa 1961. Daktari E. Donnall Thomas wa Marekani alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1990 kwa kazi yake ya kupandikiza uboho kwa wagonjwa wa saratani ya damu. Kwa hiyo tiba ya seli shina si jambo la jana. Ile ya uboho imeokoa watu kwa miaka mingi.

Jambo lililo jipya zaidi ni kukuza seli kwa wingi nje ya mwili, mpaka zitoshe kujenga upya ngozi, sehemu ya jicho au seli za ubongo. Hapo ndipo swali la chakula linapoingia. Ndani ya mwili, seli inalishwa na damu. Nje ya mwili, ni lazima mtu ailishe.

Chakula cha zamani

Seli zinakuzwa katika sahani ndogo za plastiki, ndani ya sanduku lenye joto la nyuzi 37, sawa na joto la mwili. Zinawekwa ndani ya maji yenye chumvi, sukari, vitamini na asidi za amino. Lakini maji hayo peke yake hayatoshi, kwa sababu seli zinahitaji pia protini zinazoziambia: ishi, jigawe, shikamana.

Tangu miaka ya 1950, labo nyingi duniani zilipata protini hizo katika seramu ya ndama aliye tumboni. Seramu ni yale maji ya rangi ya manjano yanayobaki damu ikiisha kuganda. Ng'ombe mwenye mimba anapochinjwa, damu ya ndama wake hukusanywa kutoka moyoni kwa sindano. Ndama aliye tumboni anakua haraka sana, kwa hiyo damu yake imejaa protini za kukuza. Tena ina kingamwili chache, zile protini za kupigana na magonjwa, ambazo zingeweza kudhuru seli. Kwa kawaida sehemu 10 kati ya 100 za chakula cha seli zilikuwa seramu hiyo.

Kwa seli nyingine hata seramu haikutosha. Mwaka wa 1975, James Rheinwald na Howard Green wa Marekani walipata njia ya kukuza seli za ngozi ya binadamu. Waliziweka juu ya tabaka la seli za panya zilizopigwa mionzi kusudi zisiweze kuongezeka tena. Seli za panya zilibaki hai kwa muda, zikitoa protini zilizolisha seli za mtu. Mwaka wa 1983 watoto wawili ndugu waliungua karibu mwili mzima huko Marekani. Vipande vidogo vya ngozi iliyobaki vilikuzwa kwa njia hiyo, ngozi ikarudishwa juu ya miili yao, nao wakaishi.

Mwaka wa 1998, James Thomson wa Wisconsin alikuza kwa mara ya kwanza seli shina zilizotolewa katika kiinitete cha binadamu. Naye alitumia tabaka la seli za panya na seramu ya ng'ombe. Baadaye labo nyingi ziliweka mahali pa seli za panya aina ya utomvu uliotolewa katika uvimbe wa saratani ya panya, kwa kuwa seli hupenda kushikamana nao. Kimeng'enya cha kuzibandua seli kutoka kwenye sahani nacho kilitoka katika kongosho la nguruwe.

Tusiwahukumu watafiti hao vibaya. Walitumia kilichokuwapo, na bila kazi yao watoto wale wawili wasingepona. Lakini kadiri seli zilivyokaribia kuingia katika miili ya wagonjwa wengi, ndivyo hatari zake zilivyoonekana.

Kwa nini chakula hicho kina hatari?

Wakulima wa Kivu wanajua ugonjwa wa mnyauko wa migomba. Mtu akichukua chipukizi katika shamba lenye ugonjwa, anahamisha pia kilichomo ndani yake. Chipukizi linaonekana zuri, na baada ya miezi shamba jipya linaoza. Seli nazo zina shida kama hiyo, kwa njia nne.

Ya kwanza ni vijidudu. Seramu ya ng'ombe inaweza kubeba virusi vya ng'ombe. Inaweza pia kubeba prioni, zile protini mbaya zinazoleta ugonjwa wa ng'ombe kichaa. Mwaka wa 1996 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba watu walikuwa wamepata ugonjwa wa ubongo uliohusiana na ng'ombe hao. Prioni haziuawi kwa urahisi kwa joto wala kwa dawa za kawaida. Tangu hapo seramu ya kutumiwa katika dawa hutafutwa katika nchi zisizo na ugonjwa huo, kama Australia na New Zealand, na kila chupa lazima iwe na hati ya mahali ilipotoka.

Ya pili ni mabaki ya protini. Mwaka wa 2004 watafiti wa Marekani walipima seli shina za uboho zilizokuzwa katika seramu ya ndama. Walikadiria kwamba seli milioni 100, kiasi kinachoweza kupewa mgonjwa mmoja, zinabeba miligramu 7 hadi 30 za protini za ndama. Kuziosha hakukutosha, kwa maana protini zilikuwa zimeingia ndani ya seli. Katika utafiti mwingine uliochapishwa mwaka wa 2002, watoto wenye mifupa inayovunjika kirahisi walipewa seli za namna hiyo, na mwili wa mmoja wao ulitengeneza kingamwili za kupigana na protini za seramu.

Ya tatu ni sukari ngeni. Seli zote zimefunikwa na sukari za aina mbalimbali, na kinga ya mwili inazisoma kama mtu anavyosoma kitambulisho. Ng'ombe, panya na wanyama wengi wanaonyonyesha wana sukari iitwayo Neu5Gc. Binadamu hawezi kuitengeneza, kwa sababu jeni yake iliharibika zamani sana. Mwaka wa 2005 watafiti wa San Diego walionyesha kwamba seli shina za binadamu zilizokuzwa kwa vitu vya wanyama huichukua sukari hiyo na kuivaa juu yao. Watu wengi tayari wana kingamwili dhidi yake. Kwa hiyo seli ya mtu, ikiingia kwa mtu, inaweza kushambuliwa kana kwamba ni ya mnyama.

Ya nne ni kutokuwa na kipimo kimoja. Damu ya ndama wa leo si sawa na ya ndama wa mwezi ujao. Seramu ina mamia ya protini tofauti, na hakuna anayejua kiasi cha kila moja. Dawa inayobadilika chupa kwa chupa haiwezi kuaminika.

Somo la insulini

Njia ya kutoka katika shida hii ilikwisha kuonyeshwa na dawa ambayo wagonjwa wengi wa kisukari katika makanisa yetu wanaijua. Insulini ilianza kutumiwa kwa watu huko Toronto mwaka wa 1922. Kwa miaka 60 ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe. Kisha watafiti walichukua jeni ya insulini ya binadamu, wakaiweka ndani ya bakteria, nao bakteria wakatengeneza insulini iliyo sawa na ya mtu. Mwaka wa 1982 Marekani iliruhusu itumiwe. Leo anayejidunga insulini ya aina hiyo hapokei kitu cha mnyama.

Njia hiyo hiyo ilitumiwa kwa chakula cha seli. Watafiti walijiuliza: katika mamia ya protini za seramu, ni zipi seli inazihitaji kweli? Tukizijua, tutazitengeneza moja moja kwa kutumia bakteria, chachu, au hata mpunga uliowekewa jeni ya binadamu.

Kuondoa kitu kimoja baada ya kingine

Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Mwaka wa 2006 kundi la Wisconsin lilitangaza chakula cha seli kisicho na kitu chochote cha mnyama, likaanzisha ndani yake mistari miwili mipya ya seli shina. Lakini mistari yote miwili ilionekana kuwa na kasoro katika kromosomu, yaani katika vifurushi vinavyobeba jeni. Somo likawa wazi: kuondoa vitu vya wanyama hakufanyi seli kuwa salama papo hapo. Bado ni lazima zichunguzwe.

Mwaka wa 2011 kundi hilo hilo lilipiga hatua kubwa. Protini iliyosumbua wote ilikuwa albumini ya ng'ombe, iliyodhaniwa kuwa ya lazima. Watafiti waligundua kwamba kazi yake kubwa ilikuwa kuzikinga seli dhidi ya kemikali nyingine iliyokuwa ndani ya mchanganyiko. Walipoondoa vyote viwili, seli zilikua vizuri. Wakabaki na vitu vinane tu:

1. maji yenye chumvi, sukari, vitamini na asidi za amino;
2. insulini, inayosaidia seli kuishi na kutumia chakula;
3. transferini, protini inayobeba madini ya chuma;
4. FGF2, protini ya kukuza inayozuia seli shina zisigeuke kabla ya wakati;
5. TGF-beta, protini nyingine inayofanya kazi hiyo pamoja nayo;
6. vitamini C ya aina isiyoharibika haraka;
7. seleniamu, madini kidogo sana yanayokinga seli;
8. bikabonati ya sodiamu, inayozuia maji yasiwe na asidi nyingi.

Kila kitu katika orodha hii kinajulikana kwa jina na kwa kipimo. Kinyume cha damu ya ndama, mtu aliye Japani na mtu aliye Uingereza wanaweza kuchanganya chakula kilicho sawa.

Sakafu ya sahani nayo ilibadilishwa. Mahali pa seli za panya na ule utomvu wa saratani ya panya pakawekwa protini za binadamu zilizotengenezwa labo, kama vitronektini na laminini. Karl Tryggvason na wenzake wa taasisi ya Karolinska, Sweden, walionyesha mwaka wa 2010 kwamba laminini ya aina moja inatosha kuzishika seli shina na kuziacha zikue kwa muda mrefu. Kimeng'enya cha nguruwe kikabadilishwa kwa kingine kinachotengenezwa na vijidudu, na katika kugandisha seli kwenye baridi kali seramu iliondolewa pia.

Kwa seli shina za uboho kuna njia nyingine, yaani visahani vya damu ya binadamu, zile chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda. Katika benki za damu visahani huhifadhiwa siku chache tu, kisha haviruhusiwi tena kupewa mgonjwa. Badala ya kuvitupa, huvunjwa kwa kugandishwa na kuyeyushwa, na majimaji yake hulisha seli. Njia hii inaondoa mnyama, lakini inarudisha hatari tunayoijua katika hospitali zetu wakati wa kuongezewa damu: HIV, homa ya ini na virusi vingine vya binadamu. Kwa hiyo kila mchango wa damu lazima upimwe.

Majina matatu ya kutofautisha

Msomaji atakutana na maneno matatu ambayo wauzaji hupenda kuyachanganya.

“Bila seramu” maana yake ni kwamba seramu imeondolewa. Albumini ya ng'ombe au protini nyingine ya mnyama inaweza kuwamo bado.

“Bila vitu vya wanyama” maana yake ni kwamba hakuna kitu kilichotoka kwa mnyama. Vitu vilivyotoka kwa binadamu mwingine, kama yale majimaji ya visahani vya damu, vinaweza kuwamo.

“Chenye kujulikana chote” maana yake ni kwamba kila kitu kilichomo kinajulikana kwa jina na kipimo. Hiki ndicho kiwango cha juu zaidi, na kile chakula cha vitu vinane kinakifuata.

Tuongeze kwamba sheria za Marekani na Ulaya hazikatazi kabisa seramu ya ng'ombe katika tiba za seli. Zinadai ijulikane ilikotoka, ipimwe, na mabaki yake yapunguzwe, na zinapendelea iachwe pale inapowezekana. Ile ngozi inayokuzwa juu ya seli za panya bado inatumiwa kwa walioungua vibaya sana, kwa maana mbele ya kifo hatari ndogo inayojulikana inakubalika. Lakini mgonjwa na jamaa yake lazima waelezwe.

Swali la kiinitete

Waamini wengi wanauliza kama seli hizi zinatokana na kuharibu mimba. Swali hili ni zito, nalo ni tofauti na swali la chakula. Seli za mwaka wa 1998 zilitoka katika viinitete vya siku chache, vilivyotengenezwa labo kwa ajili ya wazazi waliotafuta mtoto na kutotumiwa. Wazazi walikubali vitolewe kwa utafiti. Kuzitoa seli hizo kulivimaliza viinitete. Wakristo wengi wanapinga jambo hilo, na wengine wanaona kwamba vilikuwa vitatupwa.

Mwaka wa 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto, Japani, alichukua seli za kawaida za panya, akaziongezea jeni nne, nazo zikarudi katika hali kama ya seli za kiinitete. Mwaka wa 2007 alifanya hivyo kwa seli za ngozi ya mtu mzima. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2012 pamoja na John Gurdon wa Uingereza. Kwa njia hiyo seli zenye uwezo mkubwa zinapatikana bila kugusa kiinitete.

Basi anayetaka kupima dhamiri yake aulize maswali mawili kwa kuyatenga: seli hii ilitoka kwa nani? Na ililishwa nini? Seli inaweza kuwa bila vitu vya wanyama na bado ikawa imetoka katika kiinitete. Inaweza pia kuwa imetoka katika ngozi ya mtu mzima na ikawa imelishwa damu ya ndama.

Tiba zimefika wapi?

Mnamo Septemba 2014 huko Kobe, Japani, mama mmoja mzee aliwekewa ndani ya jicho tabaka la seli zilizotokana na ngozi yake mwenyewe, chini ya uongozi wa daktari Masayo Takahashi. Hakuona vizuri kuliko mwanzo, lakini kuona kwake hakukupungua katika mwaka uliofuata. Mgonjwa wa pili alisubirishwa, kwa kuwa uchunguzi ulionyesha mabadiliko ya jeni katika seli zake. Kusimamisha namna hiyo ni dalili ya kazi ya uaminifu.

Huko Kyoto, watafiti walikuza seli shina juu ya kipande cha laminini iliyotengenezwa labo, wakazigeuza kuwa seli za ubongo, wakazipandikiza kwa wagonjwa 7 wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka. Habari zilizochapishwa mwaka wa 2025 zinasema hakuna aliyepata uvimbe wala madhara makubwa, na baadhi walionyesha nafuu. Wagonjwa 7 ni mwanzo tu.

Jambo linalotugusa zaidi ni drepanositozi, ugonjwa wa SS. Kongo ni moja kati ya nchi tatu zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa nao, pamoja na Nigeria na India. Mwishoni mwa mwaka wa 2023 Uingereza na kisha Marekani ziliruhusu tiba iitwayo Casgevy kwa wagonjwa wa miaka 12 na zaidi. Seli shina za damu za mgonjwa mwenyewe hutolewa, hupelekwa labo, jeni yake hurekebishwa, kisha hurudishwa baada ya uboho wa zamani kuondolewa kwa dawa kali. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatwa kwa muda wa kutosha, 29 walikaa angalau mwaka mzima bila maumivu makali. Hii ni habari njema ya kweli. Lakini nchini Marekani bei yake ni dolari milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na inahitaji hospitali yenye vyumba safi, umeme usiokatika na wiki kadhaa za kulazwa.

Vifuko vya unga na ahadi za sindano

Sasa tuyaangalie yale yanayouzwa kwetu. Unga au vidonge vinavyoitwa seli shina za tufaha au za zabibu haviwezi kuwa seli shina za binadamu. Seli ya mmea haiwezi kugeuka kuwa damu ya mtu, na chochote kinachomezwa kinasagwa tumboni kama chakula kingine. Tena umeona namna seli hai inavyotunzwa: joto la nyuzi 37, chakula kinachobadilishwa mara kwa mara, au baridi kali inayoshuka chini ya sifuri kwa zaidi ya nyuzi 100. Seli haiwezi kubaki hai katika kifuko kilicho ndani ya mkoba sokoni.

Sindano zina hatari kubwa zaidi. Mwaka wa 2015 huko Florida, Marekani, wanawake watatu walidungwa machoni seli zilizotolewa katika mafuta ya miili yao, kila mmoja akiwa amelipa dolari 5,000. Seli zilikuwa zao wenyewe, hakuna mnyama wala kiinitete aliyehusika. Hata hivyo kuona kwao kuliharibika vibaya. Kama jambo hilo liliwezekana katika nchi yenye sheria kali, tujihadhari zaidi.

Kabla familia haijauza kiwanja au ng'ombe, iulize mambo haya na idai majibu kwa maandishi:

– Seli hizi zilitoka kwa nani, na alikubali?
– Zilikuzwa wapi, na zililishwa nini?
– Zilipimwa vijidudu na kasoro za kromosomu, na nani aliyepima?
– Ni wagonjwa wangapi wa ugonjwa huu walitibiwa, na matokeo yalichapishwa wapi?
– Je, mgonjwa analipa ili ashiriki katika jaribio? Katika utafiti wa kweli, kwa kawaida halipi.

Anayekasirika kwa kuulizwa maswali haya amekwisha kujibu.

Linalowezekana leo

Mzazi wa mtoto wa SS asiachwe mikono mitupu. Utafiti ulioongozwa na daktari Léon Tshilolo wa Kinshasa pamoja na wenzake ulitoa dawa ya hidroksiyurea kwa watoto 606 wa Kongo, Angola, Kenya na Uganda. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2019 yalionyesha kwamba maumivu, malaria, maambukizo, kuongezewa damu na vifo vilipungua. Dawa hii inamezwa, inafuatwa kwa vipimo vya damu, na lazima itolewe na daktari. Pamoja nayo kuna penisilini kwa watoto wadogo, chanjo, chandarua na maji ya kunywa ya kutosha. Haya hayaondoi ugonjwa, lakini yanamwezesha mtoto kukua, kwenda shule na kungoja siku zilizo bora.

Nasi katika makanisa yetu tunaweza kufanya mambo matatu mepesi: kuwashauri vijana wapime damu kabla ya ndoa, kuwasindikiza wazazi hospitalini, na kutoruhusu wauzaji wa vifuko kusimama mbele ya kusanyiko. Wachungaji wasiojua jibu wamwulize muuguzi au daktari aliye katika ushirika wao.

Watafiti walitumia miaka mingi kuondoa damu ya ndama katika sahani ndogo ya plastiki, kitu kimoja baada ya kingine, kwa sababu waliona kwamba mgonjwa ana haki ya kujua kila kinachoingia mwilini mwake. Mtoto wa Masisi au wa Fizi ana haki ile ile. Tumsaidie mzazi wake kuuliza.